Ngozi, Ganda au Utando? Juu ya Istilahi za Fuvu Linalokua

Kijitabu kilichotusukuma kuandika makala haya ni kidogo, hakina jina la mfasiri wala mwaka, na kimenakiliwa mara nyingi hata picha zake zimekuwa madoa meusi. Chahusu utunzaji wa ndama wa ng'ombe wa maziwa. Tulikikuta Lusahunga, wilayani Biharamulo, mahali ambapo malori yaendayo Rusumo na Kabanga hupumzika, na ambapo, nyuma kidogo tu ya maduka na vibanda vya chakula, yapo maboma ya wafugaji. Bwana mifugo aliyetuonyesha alikuwa amekihifadhi katika mfuko wa nailoni pamoja na bomba la sindano, kwa heshima ile ipewayo chombo cha kazi. Hatutawataja waliokitoa, kwa kuwa shabaha yetu si kumwaibisha mtu bali kupima maneno.

Katika ukurasa unaohusu uondoaji wa pembe, kijitabu kinaagiza kwamba chuma cha moto kishikizwe juu ya chipukizi la pembe mpaka "ngozi ya mfupa" iungue. Mistari mitatu juu yake limetumika neno "ngozi ya kichwa", na katika ukurasa unaofuata tunakutana na "ngozi ya fuvu", ambayo sasa yasemwa isiguswe kabisa. Je, ni ngozi tatu, au ni ngozi moja yenye majina matatu? Mfasiri hakusema, na tunashuku kwamba yeye mwenyewe hakujiuliza. Bwana mifugo, ambaye mafunzo yake aliyapata kwa Kiingereza na kazi yake huifanya kwa Kiswahili, alilisoma agizo kama lilivyoandikwa. Ngozi ya mfupa, alifikiri, ni ile iliyogusana na mfupa. Basi alishikiza chuma mpaka akaona weupe. Ndama wawili walipata majeraha. Mmoja jeraha lilioza, mfupa ukamomonyoka, akafa. Wa pili aliishi akiwa na shimo juu ya jicho.

"Nilifanya kama kitabu kilivyosema," alituambia, wala hakuwa akijitetea.

Mwenye ndama, mzee wa makamo aliyekuwa ameketi nasi, alimtazama kwa upole. "Mwanangu, kitabu hakijui ng'ombe," alisema. Twaonelea kwamba mzee alikipendelea kitabu mno. Pengine aliyekiandika kwa lugha ya kwanza alimjua ng'ombe vizuri. Ujuzi huo ulipotea ulipokuwa ukivushwa kuja kwetu, na uliopoteza ni sisi tunaoshughulika na maneno.

Kwa wasiopata kuiona kazi yenyewe, yafaa tueleze kwa ufupi. Kinachotakiwa kuunguzwa ni ngozi, basi: duara ya ngozi inayolizunguka chipukizi, ambamo pembe hupatia uhai wake. Mtaalamu hushikiza chuma, baada ya kutia ganzi, kwa muda mfupi tu, mpaka itokee duara yenye rangi ya shaba, hapo huacha. Chini ya ngozi hiyo upo utando mwembamba ulioshikamana na mfupa, na huo haupaswi kuunguzwa, maana ndio unaolisha mfupa na kuujenga. Kwa wanambuzi hatari ni kubwa zaidi. Mfupa wa kichwa cha mwanambuzi ni mwembamba sana, na chuma kikikawia joto hupenya mpaka kwenye ubongo.

Basi hapa zipo tishu mbili zilizopandana, moja ya kuunguzwa na moja ya kuachwa, na tafsiri imezipa zote mbili jina la ngozi. Hatuwezi kusema ni kosa dogo la uchapaji.

Kabla ya kuhukumu neno "ngozi" tutazame kwanza neno ambalo hakuna anayelitilia shaka, nalo ni "fuvu". Ukoo wake unajulikana. Fuu, fuvu, kifuu: ni kile kigumu kinachobaki nazi ikisha kukunwa. Bupuru, au bufuru, nalo limetumika kwa kichwa cha maiti kisicho na nyama kama linavyotumika kwa gamba tupu. Waliofasiri Injili, walipofika Golgotha, waliliona fuvu kuwa neno lao, na walifanya vyema, kwa sababu pale palitajwa mahali pa mauti. Hata hivyo neno lililoingia katika lugha kwa mlango wa mauti na wa jikoni limebaki na harufu ya huko. Mwanafunzi aambiwapo "fuvu la ndama", huona kitu kikavu, kigumu, kilichokwisha. Kifuniko cha ubongo kama kifuu kilivyo kata ya maji. Majirani zetu wa ng'ambo ya Rusumo hawakufanya hivyo: kwa Kinyarwanda uruhanga ni paji la uso na igihanga ni fuvu, shina likiwa moja, kwa hiyo wao wamelitoa fuvu katika uso wa aliye hai.

Hatusemi neno fuvu liondolewe. La hasha. Limekwisha kuenea, na Mswahili wa pwani, kama angekumbuka vizuri, asingepotoshwa nalo, kwa sababu yeye aijua nazi tangu utoto wake. Aanza na kidaka, aende kitale, dafu, koroma, ndipo aifikie nazi; na katika kitale kile kitakachokuwa kifuu bado ni laini, kisu hupita. Kifuu nacho kina utoto wake. Tatizo ni kwamba anayesoma kijitabu Lusahunga hakukulia chini ya mnazi. Yeye amepokea neno bila shamba lake.

Kwa upande wa pili, lugha yetu inalo neno zuri kabisa la fuvu lililo hai, nalo tumelidharau kwa sababu ni la mama na mkunga. Neno hilo ni utosi. Kila aliyepata kulea anajua kwamba utosi wa mtoto mchanga hupwita, kwamba haujakaza, na kwamba ukibonyea mtoto amepungukiwa maji na akimbizwe kwa mganga. Utosi wa mbele hukaza aghalabu kati ya miezi 12 na 18, na ule wa nyuma mapema zaidi. Anayesema "utosi haujakaza" amekwisha kusema, bila kitabu, kwamba kichwa si kipande kimoja, kwamba vipande vyake vimeachana kwa muda, kwamba kati yao upo utando, na kwamba kukaa hivyo ni afya wala si ugonjwa. Mfasiri aliyekuwa na sentensi hiyo kinywani mwa mama yake hakuwa na sababu ya kuandika, kama tulivyosoma katika mhutasari mmoja wa mafunzo, "nafasi zisizo mfupa za fuvu changa".

Sasa tuingie katika mambo yenyewe, maana istilahi haipimwi hewani. Mifupa ya paa la kichwa huota kwa njia iliyo tofauti na mifupa mirefu ya miguu. Mfupa wa mguu hutanguliwa na gegedu, na gegedu hiyo hugeuka mfupa kidogo kidogo. Paa la kichwa halitanguliwi na gegedu. Huanza kama madoa ya chokaa ndani ya utando laini unaoufunika ubongo wa kilichomo tumboni. Madoa hupanuka, hukaribiana, na utando ule huwa umegawanyika: sehemu moja imebaki ndani, juu ya ubongo, na nyingine imebaki nje, chini ya ngozi. Hivyo mfupa wa paji la ndama umelala kati ya tando mbili kama barua ndani ya bahasha. Ubongo unapokua husukuma, mifupa huachana kidogo penye mishono, na kingo zake huongeza mfupa mpya. Papo hapo utando wa nje huongeza mfupa juu, na seli nyingine huula mfupa kwa ndani, ndiyo sababu kichwa hupanuka pasipo kuwa kizito kama jiwe.

Ilichukua muda watu kuusadiki utando huo. Mwaka 1736 John Belchier, daktari wa London, alieleza juu ya nguruwe waliolishwa pumba zilizochanganyika na mmea wa rangi nyekundu ya kutilia nguo. Mifupa yao ilikuwa imegeuka myekundu. Mfaransa Henri-Louis Duhamel du Monceau, aliyekuwa mtu wa mashamba na misitu zaidi ya kuwa mtu wa hospitali, aliichukua habari hiyo tangu mwaka 1739. Aliwalisha wanyama wachanga rangi ile kwa vipindi, akawakuta na mifupa yenye mistari ya duara, nyekundu na nyeupe, kama pete za mti. Alifunga pia waya wa fedha kuzunguka mfupa wa mnyama anayekua, na baadaye aliukuta waya umefunikwa na mfupa. Kutokana na hayo akasema kwamba utando unaouzunguka mfupa ndio uufanyao, kama vile gome la mti lifanyavyo mti. Wenzake, Albrecht von Haller miongoni mwao, walimpinga vikali. Leo tunajua kwamba katika jambo kubwa, yaani kwamba utando hujenga mfupa, Duhamel hakukosea.

Tumelitaja gome kwa makusudi. Jina la Kiyunani walilolirithi wataalamu wa Ulaya lasema tu kwamba kitu hicho kiko "kandokando ya mfupa". Lataja mahali, halitaji kazi. Duhamel alipotaka kueleza kazi ilimbidi aende msituni. Watu wa Kagera wangemwelewa upesi kuliko alivyoeleweka Paris, kwani katika nchi za Buhaya na Buganda nguo zilitengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mkuyu. Mti ulibanduliwa, ukafungwa majani ya mgomba, na gome likaota tena. Ukibandua vibaya ukakwaruza ile tabaka laini ya ndani, haliota. Ndivyo ulivyo utando wa mfupa. Katika mnyama mchanga ni mnene, una damu nyingi, na hubanduka kwa urahisi; katika mzee umekuwa mwembamba, umegandamana. Mchinjaji yeyote aliyechuna ndama na fahali siku moja anaweza kushuhudia. Penye mishono tu ndipo ulipokazika hata katika mchanga, na wakunga wanalijua hilo kwa njia nyingine: uvimbe wa damu unaoutokea mfupa wa kichwa cha mtoto baada ya uzazi mgumu, ukiwa chini ya utando huo, hauvuki mshono.

Hapa ndipo mzee wa Lusahunga alipotufundisha jambo. Yeye hakati pembe. Ng'ombe wake wa asili ni wa pembe ndefu, na kwake mtu akataye pembe ni kama anyoaye nyusi. Ndama waliounguzwa walikuwa chotara wa maziwa, aliowapata kwa kukopa. Tulipomuuliza pembe huanzaje, alimkamata ndama wa wiki chache, akaweka kidole juu ya paji, akakisukuma huku na huku.

"Hii bado inatembea," alisema. "Ikisha kushika, haitembei tena. Mngekuja mkaichukua ikiwa inatembea, msingeugusa mfupa."

Twakiri kwamba tulinyamaza. Maneno hayo machache yana habari ambayo katika vitabu vya sayansi ilithibitishwa kwa kisu. Kwa muda mrefu watu walidhani pembe ya ng'ombe ni mfupa wa paji uliochomoza, ukavishwa kwato. Katika miaka ya 1930 W. Franklin Dove, wa Chuo Kikuu cha Maine huko Marekani, alionyesha sivyo. Mwezi Machi 1933 alimchukua ndama dume wa Ayrshire mwenye umri wa siku moja, akayakata machipukizi yote mawili pamoja na tishu zake, akayahamishia katikati ya paji, juu ya mshono wa mifupa miwili. Yakaota yakiwa pembe moja, iliyonyooka, imeungana na fuvu mahali ambapo ng'ombe hana pembe. Mfupa wa ndani ya pembe, kwa hiyo, huanza katika tishu zilizo juu ya fuvu, nao hushikana na fuvu baadaye. Katika ndama wa kawaida ni karibu na umri wa miezi miwili. Baada ya hapo uwazi wenye hewa ulio ndani ya mfupa wa paji huingia katika pembe yenyewe, na kuikata huwa ni kufungua kichwa. Twiga, alama ya Taifa letu, naye huzaliwa na vijipembe vilivyolala, ambavyo bado ni gegedu na havijaungana na mifupa ya kichwa, huungana akikua.

Kijitabu kilihitaji kitenzi kimoja cha kueleza haya yote, nacho kikaandika kwamba ndama aondolewe pembe "kabla ya muunganiko wa kiini cha pembe na fuvu". Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini hakuna kidole kinachoweza kuupima muunganiko. Pembe inayotembea na pembe iliyoshika: mfugaji apima kwa kidole gumba, na jibu analo papo hapo. Tena "kushika" ni neno la kale la miche na mimba. Mche uliohamishwa ukishika, umeanza kula katika udongo mpya. Ndivyo Dove alivyofanya, na ndivyo pembe ifanyavyo. Tunapendekeza kwa nguvu zetu zote kwamba Baraza liupokee msamiati huu wa mfugaji kama ulivyo, wala tusiunyooshe uwe "mshikamano wa kipembe".

Lipo na suala la majina ya mifupa, ambalo limewanasa hata wafasiri wazuri. Ni desturi yetu kuita mifupa ya kichwa kwa mahali pake: mfupa wa paji, mfupa wa utosi, mfupa wa kisogo. Kwa binadamu desturi hii inafaa sana. Lakini majina hayo yanapohamishiwa kwa ng'ombe, jambo la ajabu hutokea. Mfupa wa paji wa ng'ombe hukua ukirudi nyuma mpaka ukalifunika paa lote la kichwa na kuufikia mwinuko ulio kati ya pembe. Na ule ambao kwa mtu tunauita mfupa wa utosi umesukumwa nyuma na kando, hauko utosini tena. Tulimwomba bwana mifugo aonyeshe mfupa wa utosi katika kichwa cha fahali kilichokuwa kimetundikwa bomani. Aliuonyesha mfupa wa paji. Kwa Kiswahili alikuwa sahihi, kwa elimu ya mifupa amekosea, na kosa si lake. Aandikaye kwa wafugaji ataje sehemu ya kichwa ("kati ya pembe", "juu ya jicho") na awaachie wanafunzi wa chuo jina la mfupa.

Turudi kwenye tando. Wanaotunga istilahi wamezoea kuuliza maswali matatu: neno ni fupi? ni la Kiswahili au la Kibantu? laeleweka upesi? "Ngozi ya mfupa" ingefaulu mtihani huo wote kwa alama za juu, na imeua ndama. Twaonelea kuna swali la nne, nalo ni hili: msomaji ataliambatanishia kitenzi gani? Maana nomino haiendi peke yake. Huja na vitenzi vyake kama mwari ajavyo na kungwi wake. Ngozi huchunwa, huungua, hukaushwa, huwambwa. Mpe mtu ngozi na chuma cha moto, atajua la kufanya. Ganda, ambalo tumeliona mahali pengine katika "ganda la mfupa", ni baya zaidi: ganda hubanduliwa likatupwa, na aliyelichagua kwa kitu kinachoujenga mfupa hakupata kukiona. Kiwambo kina heshima yake katika sikio, lakini kiwambo huwambwa na mkono wa mtu juu ya kitu kilichokwisha kuwapo, kikakauka, kikapigwa. Kitu hiki hakikauki.

Utando unabaki. Hutanda wenyewe, kama wingu, kama utando wa buibui, kama ule wa juu ya maziwa. Hutoka katika kitu kile kile unachokifunika. Hatuufichi udhaifu wake: utando wa uji huondolewa kwa kijiko, na asiyeonywa aweza kudhani utando wa mfupa nao ni uchafu. Lakini kati ya yote haya ndio usiomwalika mtu kuchoma. Kwa hiyo twasimama na "utando wa mfupa", na kwa ule wa ndani ya fuvu "utando wa ubongo", ambao umekwisha kuzoeleka mahospitalini. Neno ngozi libaki kwa ngozi yenye nywele peke yake. "Periosti" haina ubaya wowote katika mhadhara wa chuo. Katika boma haimwambii mtu chochote.

Wapo watakaouliza kwa nini hatukutafuta katika Kiarabu, chemchemi ya maneno yetu mengi ya elimu. Neno lipo, nalo ni simhaki. Tena limekaa karibu nasi miaka mingi, katika vitabu vya fikihi ya Kishafii vilivyosomwa Lamu na Unguja, kama Minhaj ya Nawawi, katika mlango wa majeraha. Mafakihi waliyagawa majeraha ya kichwa na uso kwa daraja: lile linalofikia utando wa mfupa bila kuupasua, lile linaloufunua mfupa, linaloupasua, linalofikia utando wa ubongo. Anayefunua mfupa alipaswa kulipa ngamia watano. Aliyeishia kwenye utando hakuwekewa kiwango maalumu. Yatazame mambo haya, ndugu msomaji. Watu ambao hawakuwa matabibu walihitaji majina mbalimbali kwa tishu zilizotengana kwa unene wa ukucha, kwa sababu fidia ilitegemea tofauti hiyo. Hatupendekezi simhaki kwa Biharamulo, ambako itakuwa ngeni kama ile ya Kiyunani. Lakini wale mafakihi walikuwa makini kuliko mfasiri wetu wa kijitabu, ambaye naye alikuwa na jeraha la kichwa mbele yake.

Kuhusu "mshono" tuna maneno machache. Limezoeleka, nasi hatulipingi, ingawa lamfanya mtu aone vitambaa viwili vilivyokamilika vikiunganishwa, hali mshono wa fuvu changa ndio mahali kichwa kinapoongezeka. Fundi cherehani anayeshona sare ya mtoto wa darasa la kwanza huacha pindo ili baadaye lifumuliwe. Mshono wa namna hiyo ungekaribia zaidi. Kamusi ziongeze maneno matano katika maelezo yake, ni vya kutosha.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilimtazama mwanafunzi wa sekondari na mwalimu wake. Haikuandikwa kwa ajili ya bwana mifugo, na hatuwezi kuilaumu kwa hilo. Lakini tangu hapo imepita miaka mingi, ng'ombe wa maziwa wamefika vijiji ambavyo havikuwa nao, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mfugaji asimtese mnyama bila sababu. Sheria yaweza kumshtaki mtu aliyefuata kijitabu. Hapo atakayesimama kizimbani ni msomaji.

Agizo lenyewe, kwa maoni yetu, lingeandikwa hivi: "Pima kwa kidole. Kama pembe bado inatembea, tia ganzi, kisha shikiza chuma kuzunguka chipukizi mpaka ngozi itoe duara ya rangi ya shaba, uache hapo. Usiufikie utando wa mfupa. Kama pembe imeshika, usichome. Mwite daktari wa mifugo." Maneno yote hayo yalikuwa tayari Lusahunga kabla hatujafika, isipokuwa moja.

Tulikisahihisha kijitabu kwa kalamu, kurasa mbili, tukamrudishia mwenyewe. Mzee aliomba asomewe. Aliposikia "usiufikie utando wa mfupa" alimwomba bwana mifugo arudie, kisha akauliza kama nakala zilizokwisha kupelekwa Nyakahura na Ngara nazo zimeandikwa hivyo. Tulimjibu kwamba bado.